Namba Haipapasiki

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ofisi ya kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Manyoni. Nyumba zake zimepangwa mistari, zote sawa. Akaingia mama mmoja mtu mzima, kucha zimejaa udongo mwekundu.

"Shikamoo, mama," akasema katibu, akiinuka kidogo. "Tulikwambia usawazishe ule ukuta. Nyumba zote zifanane."

"Marahaba, mwanangu. Yale siyo mapambo. Mzee wangu haoni. Nilichora mistari kwa vidole udongo ukiwa mbichi, kama kwenye tembe letu la zamani, ili akipapasa ajue amefika."

"Mlangoni kuna namba, mama."

"Namba ni rangi, mwanangu. Haipapasiki."

"Sawazisha, mama."

Heshima alipewa yote, ndugu msomaji. Alichonyimwa ni mistari minne ya vidole.

Jioni, mimi mwenye macho mawili, nilipiga hodi kwenye nyumba mbili za watu nikitafuta ile niliyofikia. Kwenye ya tatu nilimkuta mzee amesimama nje, kiganja chake juu ya ukuta laini ambao haujakauka.

"Samahani," akaniuliza, "hapa ni kwangu?"

Sikujua.