Unga wa Muhogo Ndani ya Rejeta

Baba alitaka kwenda nyumbani. Yumo nyumbani, mtaa wa Rahaleo mjini, katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, lakini kila asubuhi akishamaliza chai anasimama mlangoni kashika funguo za gari: "Nipelekeni nyumbani." Nyumbani kwake ni kijijini, upande wa Kilambo, Mto Ruvuma unapokaribia kuingia baharini. Mwanzoni tulicheka. Kisha akaanza kuondoka kwa miguu, na watu wakawa wanaturudishia, mara kutoka sokoni, mara kutoka huko Likombe, ndala mguu mmoja.

Mama akasema tumpeleke. Mimi wazo lile nililidaka kwa pupa. Nilijiambia akiiona nyumba ya baba yake, mikorosho, uwanja aliochezea, akili itamrudia na atanitambua. Maana siku hizo alikuwa ananiita kwa jina la dada yake, marehemu, na siku nyingine haniiti kabisa. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, na nilikuwa nataka baba yangu aniite jina langu. Hilo tu, sikutaka kingine.

Shida ikawa gari. Tulileta la kukodi, akang'ang'ania nguzo ya baraza kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. "Gari langu lipo!" Na kweli lilikuwepo, pikapu ya zamani, rangi ya maziwa, aliyosombea korosho za Nanyamba tangu mimi sijaolewa. Lakini lilikuwa linachemsha. Ukiliwasha, hujamaliza mtaa, mshale wa joto umeshapanda juu kabisa na mvuke unafoka kwenye boneti.

Nikalikokota mpaka gereji bubu, kwa fundi wetu wa siku zote. Mimi mdomo wangu hauna breki, mwenyewe najua. Nilimvaa hata salamu sijamaliza. Nikamwambia pampu ya maji aliyotufungia ni ya bandia, kwamba ametuibia, kwamba mzee wangu anaumwa na yeye analeta utani.

"Dada," akasema, hata hakunyanyua kichwa, "gari inachemsha, na wewe unachemsha. Nianze kumpoza nani?"

Watu wa vijiwe vya jirani wakacheka. Nikakaa kwenye tairi.

Akafungua mpira wa chini wa rejeta, akaweka beseni. Hapo maji hutakiwa yamwagike kwa kishindo. Hayakutoka. Akachukua waya, akachokonoa, akachokonoa tena, na kitu kizito kikaanza kushuka taratibu, cheupe kilichochanganyika na kutu. Kikaanguka kwenye beseni, po! Harufu yake ilikuwa ya muhogo uliochacha.

"Loo! Dada, gari hii imekula ugali."

Sikucheka. Nikaanza kuwatukana watoto wa mtaani kwetu, kwamba hawana adabu, mama zao hawawafunzi, nitawapitia nyumba kwa nyumba. Fundi akaniacha niseme. Nilipoishiwa pumzi akachuchumaa karibu nami, utani wote umemtoka.

"Hawa si watoto. Hii ni kazi ya dereva. Rejeta ikitoboka porini, wazee wa njia za korosho walikuwa wanatia konzi ya unga wa muhogo. Maji yakipata moto, unga unaiva, unaziba tundu, nawe unafika mjini. Hata baba yangu alifanya hivyo. Lakini ni konzi moja, dada, na mara moja tu. Ukifika, unamwaga." Akalitazama beseni. "Huyu ametia kila siku."

Mtume! Kila asubuhi, kabla ya chai, baba alikuwa anafungua boneti. Sisi tulimwona dirishani, tukafurahi. Tulikuwa tunaambiana, walau gari hajalisahau. Kumbe, fundi akanionyesha, chini ya injini palikuwa na tone, na lile tone lilikuwa la oili wala si la maji. Analiona, anadhani rejeta inavuja, anajua la kufanya, anakwenda jikoni kuchota konzi yake, anatia. Kesho yake hakumbuki. Analiona tena tone.

Basi tukaanza kulisafisha. Fundi akatoa temostati, kile kidude cha kufungulia maji yakipata moto, ilikuwa imegandamana kama imepigwa gundi. Akaingiza maji ya moto kwa kinyume, kutokea chini kwenda juu, ili uchafu urudi njia uliyojia. Kazi ya kumwaga mabeseni nikaichukua mimi. Sikutaka mtu mwingine auone ule uji. Ulitoka mweupe, ukatoka wa kahawia, ukatoka mweusi unaonuka, tukidhani umekwisha unakuja mwingine kutoka ndani kabisa ya injini. Niliumia jamani. Kila beseni nililomwaga lilikuwa asubuhi zake kadhaa, na sisi tulikuwepo zote, tunakunywa chai.

Nyumbani nikamweleza mama. Mama alikuwa amelalamika miezi kuhusu unga, unga hautoshi, unga una miguu, hata akamfukuza msichana wa kazi, akamwita mwizi mbele ya majirani. Alinisikiliza huku kashika chekecheo. Kisha akaketi chini, palepale sakafuni. "Nimemharibia jina mtoto wa watu," akasema. Alimtafuta baadaye mpaka kwao, Nanyamba. Binti hakutoka nje kuonana naye, na mimi simlaumu.

Maji yalipotoka safi, fundi akafunga tena rejeta, akaijaza, akatoa hewa, akanipa funguo. Nikajaribu mpaka Likombe na kurudi. Mshale ulisimama katikati ukatulia. Nililia barabarani, furaha na hasira pamoja. Nilisema, haya, gari limepona, sasa zamu ya mwenye gari.

Tuliondoka asubuhi. Mama katikati, baba dirishani, mimi kwenye usukani. Kwenye njia ya mchanga ile gia haiingii mpaka uibembeleze. Baba hakutazama nje hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye mshale, na kila tukipanda kilima anaitikia kwa kichwa kidogo, taratibu, ametulia kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Mama akanibana mkono. Sote wawili tulikuwa tunawaza kitu kimoja.

Tukafika. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Nikazunguka, nikamfungulia mlango.

"Baba, tumefika nyumbani."

Akashuka, akaitazama nyumba ya baba yake, akaitazama mikorosho. Akaenda mbele ya gari, akaweka kiganja juu ya boneti, akakaa hivyo.

"Halijachemsha," akasema.

"Halijachemsha, baba."

Hapo ndipo nilipoona ananisemesha Kiswahili. Sisi baba ametulea kwa Kimakonde, na hata akichanganyikiwa, jina la dada yake alinipachika kwa Kimakonde. Kiswahili kilikuwa cha abiria na cha watu wa ofisini.

"Unaendesha vizuri sana, mama," akaniambia kwa heshima zote, kama mtu na mgeni wake. "Gia huzikwaruzi. Nani kakufundisha?"

Mama akajifunika uso kwa khanga. Mimi nilikuwa nimeshikilia mlango wa gari, sijui niuache au niufunge.

"Baba yangu," nikasema.

"Hongera yake. Huyo mzee anajua kazi." Akanipa mkono. "Ukirudi kwenu, msalimie sana."

Nikaupokea ule mkono, nikamwambia salamu zitafika.