Paka Sikukuuzia

Juzi redio ilitangaza kuwa baadhi ya katuni za zamani za ng'ambo sasa ni mali ya umma. Muda wa wenye hakimiliki umekwisha, kila mtu ana ruhusa ya kuzichora. Nilizima redio. Hasira iliyonipanda si ya juzi.

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikabaki na wadogo zangu wawili pale Bariadi. Baba mdogo alitaka kumchukua yule wa kiume akamchungie ng'ombe kijijini kwake Mwandoya. Nilimsihi asubiri hadi pamba ivunwe, aone kama nitaweza kuwalisha.

Nilijua kudarizi vitambaa vya makochi, mama alinifundisha. Serikali ilikuwa imeruhusu bidhaa za nje, mitumba imejaa sokoni. Kwenye fulana niliyomnunulia mdogo wangu kulikuwa na paka wa katuni anayecheka. Nilimnakili kwa karatasi ya kaboni, nikamdarizi. Watu waliochoka na maua na tausi walimpenda. Mwalimu mmoja aliyekuwa anajiandaa kuoa akaagiza seti nzima.

Ndipo mama aliyeniuzia fulana akaja mezani kwangu.

"Binti, huyo paka wangu."

"Wako kivipi, mama?"

"Katoka kwenye robota langu la mitumba. Nimemleta toka Mwanza kwa nauli yangu."

"Si fulana nilinunua?"

"Ulinunua fulana. Paka sikukuuzia."

Muuza dagaa wa jirani akasema, "Basi mwite, tuone kama atakufuata." Watu wakacheka. Yule mama hakucheka. Mkwewe alikwisha kuanza kumdarizi paka yuleyule.

Alikwenda kunishtaki kwa mwenyekiti wa soko. Mwenyekiti alinisikiliza huku akichokonoa meno, kisha akasema, "Huyu ni mkubwa kwako. Mwombe radhi, atakuruhusu." Vitambaa vya mwalimu vikafungiwa ofisini mpaka niombe.

Sikuomba. Walisema nina kichwa kigumu, na ninacho. Ningeomba radhi kwa kosa gani? Mwalimu alisubiri, akachoka, akanunua kwa yule mkwe wake. Nilipika maandazi, nikalima vibarua, lakini wateja wa vitambaa walikuwa wamehamia upande wa pili. Pamba ilipokwisha kuvunwa baba mdogo alikuja, akafunua chungu changu, akakikuta kitupu. Asubuhi aliondoka na mdogo wangu, aliyekuwa darasa la tatu. Hakusoma tena.

Wiki hii mdogo wangu huyo amekuja kunisalimia, mzee sasa, ana wajukuu. Nilimweleza habari za redio.

"Kwa hiyo zamani ilikuwa makosa, dada?"

"Labda. Paka alikuwa na mwenyewe, huko ng'ambo. Angekuja yeye kunikataza, ningefumua uzi wote mbele yake."

"Na yule mama?"

"Yule hakumchora, hakumtuma mtu amchore. Alibeba robota tu."

Akasema ng'ombe wa baba mdogo walikuwa wakali sana mwaka ule wa kwanza. Hakuwahi kuniambia.