Ukelele wa Malkia

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, lakini mtaa mzima ulimwita Jemadari. Jina alilipata kwenye gemu. Vijana fulani wa kompyuta walikuwa wakitengeneza gemu ya malkia anayeongoza merikebu za angani, wakatafuta mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha. Walimsikia akimfokea mteja aliyeruka foleni, wakamchukua palepale.

Mimi sikupenda. Nilimwambia binadamu asijifanye mtawala wa nyota, nyota zina Mwenyewe.

Akacheka. "Dada, Mungu hana wasiwasi na mimi. Mwenye wasiwasi ni wewe."

Chumba cha kurekodia kilizungushiwa magodoro ukutani, na feni ilizimwa isije ikasikika. Kila sentensi aliisema mara tatu: kwa utulivu, kwa hasira, kwa uchovu. Alirudi kalowa jasho, kifua kimembana, maana moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni. Bado alishona huku akijizoeza: "Fungeni malango! Watoto kwanza!" Nami jikoni nilitabasamu kwa siri.

Ugomvi ulianza walipomletea karatasi za mwisho. Malkia anaingiwa na wazimu wa madaraka, anauchoma mji wake, kisha askari kijana anamuua. Mdogo wangu alitakiwa kupiga ukelele wa kufa.

"Kwa nini mwanamke mkishampa kiti lazima awehuke?" alimuuliza mkubwa wao, aliyemfuata hadi nyumbani. "Mbona wafalme wenu wanazeekea vitini?"

"Jemadari, hii ni gemu tu."

"Kama ni gemu tu, mwacheni azeeke."

Walimbembeleza miezi miwili, akagoma. Kisha Jumanne asubuhi tulimkuta ameinamia cherehani, sketi ya mtoto wa watu ikiwa bado chini ya sindano. Moyo ulikuwa umesimama.

Wiki mbili baada ya maziko, yule mkubwa alirudi, kofia mkononi. Alikuwa amegundua jambo ambalo ukoo wetu ulilifanyia utani siku zote: sauti zetu ni moja. Hata mama akipokea simu huuliza, "Wewe ni yupi?"

"Ukelele mmoja tu, dada," aliniomba. "Gemu itoke, watu wamkumbuke marehemu."

Nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya jina lake. Nikavua bangili, feni ikazimwa, wakanivisha hedifoni. Nikaisikia sentensi yake ya mwisho: "Tangulieni, mimi nakuja nyuma." Makaburini sikulia, nilikuwa nikiongoza sala. Mle ndani kilio kilitoka chenyewe.

"Safi," walisema. "Hatuhitaji cha pili."

Gemu ilipotoka, binti yangu alimwekea bibi yake kwenye simu, amsikie marehemu. Mama alisikiliza amri zote huku akitikisa kichwa taratibu na kumwambia mwanawe, "Sema, mama, sema." Mpaka ukaja ukelele. Akaisukuma simu kando.

"Huyo si mwanangu mdogo," alisema. Akanitazama. "Huyo ni wewe."

Hajanisemesha tena juu ya hilo, na simu zangu siku hizi hapokei. Mungu nimemwomba msamaha, naamini amenisikia. Wa kumwomba aliyebaki ni mdogo wangu, na huyo simpati.