Niliuza, Sikuuzisha

Polisi walinikamata karibu na kambi ya Katindo nikiwa na misokoto miwili ya bangi mfukoni. Ilikuwa yangu. Nilivuta kila siku, na siku nikiikosa jasho lilinitoka na chakula hakikupita. Sitaandika hapa kwamba nilionewa.

Siku ya pili walinitoa kasho, chumba cha mahabusu, wakaniketisha mbele ya inspekta aliyeandika maelezo. Alikuwa mpole, mgeni Goma. Shule yote alisomea Tanzania. Alinieleza vizuri: mwenye kuvuta, majistra wa kesi anaweza kumtuma kituo cha matunzo ili aache, mfanyabiashara wa bangi anaenda gereza, basi. Kisha akauliza nilipataje hii.

Mimi nina haya. Mbele ya wakubwa maneno yangu huwa machache.

"Niliuza," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa huzuni, akaandika kwa Kifaransa, akanisukumia karatasi. "Tia sahihi hapa, kijana."

Nilimaliza shule ya msingi tu. Ninasoma kidole kikiwa juu ya mstari. Askari wa mlangoni akacheka: "Papa inspekta, huyu atamaliza Noeli!" Lakini neno moja nililijua: *vendu*. Mtaani kwetu kuta nyingi zimeandikwa kwa rangi kwamba parseli hii, yaani kiwanja, si *à vendre*, ili matapeli wasiiuzishe. Neno ni lile lile; basi karatasi ilisema mimi ndiye muuzishaji.

"Sitii sahihi."

"Si umesema uliuza?"

"Ndiyo, papa. Niliuza. Sikuuzisha."

"Tofauti iko wapi? Unanichezea?"

Askari alishika tumbo kwa kicheko. "Papa, huku kwetu kuuza ni kutoa feza, unapewa kitu. Ule mwenye kutoa kitu njo anauzisha. Juzi ulisema unauza simu yako, si nilikuletea mutu mwenye simu ya kuuzisha?"

"Kumbe! Nilifikiri mnanicheka."

"Tulikucheka pia, papa."

Inspekta aliichana karatasi, akaanza nyingine, safari hii akinisomea kila mstari kwa Kiswahili. Alipofika mwisho nikamwambia bado. Aongeze kwamba navuta kila siku na kwamba kuacha peke yangu nimejaribu mara mbili, nikashindwa.

"Hilo litakuumiza, kijana. Umekubali kosa."

"Ni kweli, papa. Andika."

Nikatia sahihi, herufi moja moja, askari akihesabu kwa sauti.

Kesho yake majistra aliisoma yote, akanituma kituo miezi mitatu. Juma la kwanza nilitapika, sikulala, nilimtukana muuguzi aliyeniletea maji. Yeye akaniambia mlango haufungwi: mwenye kutaka kwenda anaenda, majistra anaambiwa, kesi inarudi palepale ilipoachwa.

Nilimwambia mlango nimeuona. Nikaomba uji.