Matanga ya Wimbo

Mujukulu yangu, binti ya miaka kumi na ine, muziki ikimuingia mu masikio, sura yake inageuka mara tatu kabla maji haijachemuka. Wimbo ya kwanza, anafagia na kiuno, ananiita mimi mama ya baba yake: "Koko, koko yangu muzuri." Ya pili, namuita, ananiangalia kama deni. Ya tatu, machozi.

Ile wiki baba yake, mutoto yangu ya kwanza, alitoka hapa Mudzipela akarudia ku kijiji yetu Bule kuvuna maharagi. Balisema salama imerudi. Mimi, salama yenye kurudi-rudi siiamini. Huko tulikimbia vita mara mbili. Siku ine telefone yake haipite.

Basi, muchana natwanga sombe, majani ya muhogo, naona binti amekaa chini, telefone ku kifua, kamba za masikio zimefichama mu kitambaa cha kichwa, analia. Sikuuliza. Nilitupa muchi, nikaweka mikono ku kichwa, nikapiga kilio ya kufiwa.

Kwetu ukilia vile, bajirani nabo habaulize. Mama jirani, ule wa kusemea ku pua, alifika na mukeka: "Uuwi, mutu muzuri vile, hata jana alinisalimia." Jana gani, na alikuwa Bule? Tena telefone ku sikio, anatangaza. Shemasi alileta kiti moja, akaikalia ye mwenyewe: "Tu-i-na-mi-she vi-chwa."

Binti akatoa kamba mu sikio. "Koko, nani amekufa?"

"Si baba yako? Si bamekupigia?"

"Hapana. Ni wimbo. Mwanamuke bamemuacha."

"Na weye unalia nini? Bamekuacha wapi, na hata kukuchukua hawajakuchukua?"

Watu bakacheka. Ye hakucheka. Akasema pole pole: "Koko, tangu baba aende, machozi inakatala kutoka. Wimbo ndiyo inaifungulia."

Nikakaa naye chini, akaniwekea kamba moja. Luga ya wimbo sikuifahamu, lakini ule mwanamuke alikuwa analia vizuri kupita mama jirani. Macho yangu nayo ikafunguka.

Mara wimbo ikakatika, telefone ikaita, binti akaifinya, sauti ya mutoto yangu ikanipasukia mu sikio: "Mama, nimepanda mulima kutafuta rezo ya telefone. Ku soko ya huku banasema kwetu kuko matanga. Nani amekufa?"

"Ni weye," nikamwambia. "Kuya upesi, shemasi ameshakaa, anangojea chakula."