Majani ya Mlonge
Niliporudi nyumbani Kigera kutoka chuoni, nilimkuta baba amelala sebuleni, tumbo limejaa maji na macho ya njano. Madaktari walishatuambia ini lake limeharibika kabisa. Mama alikuwa jikoni anachemsha majani ya mlonge, yale yale niliyokuwa nawapa panya maabarani kwenye utafiti wangu.

"Wale panya wako walipona?" aliniuliza.

Nilikuwa nimechoka na safari, na nimechoka kupasua panya. Nikamweleza kwamba ini lina kinga yake ya kuzima kemikali zinazounguza seli, ila sumu ikizidi, kinga huisha. Panya tuliowapa majani kabla ya kuwapa sumu ya kuharibu ini, maini yao yaliumia kidogo tu.

"Na mliokuwaga mnawapa baada ya sumu?"

"Hao hawakupata nafuu, mama."

Akaendelea kukoroga. Baba akaita kwa sauti ndogo, akiuliza kama dawa yake imeiva. Mama akamimina kikombe, akakipuliza kipoe, akampelekea.

Alimpa kila asubuhi mpaka tulipomzika. Sikumkataza, na siku ambazo mama alikuwa amechoka sana, nilimchemshia baba mimi.