Haidrenjia za mama na jani la sale

Leo nimemsamehe mtu na panga alilotumia bado liko uani kwangu.

Narudi kutoka sokoni Marangu, nakuta haidrenjia za marehemu mama zimebaki visiki. Maua yalikuwa makubwa kama kabichi, ndiyo kwanza yanageuka bluu. Nilikuwa nimepanga kuyapeleka kaburini kwake Krismasi.

Mama alizipanda enzi za Ujamaa, mimi mdogo. Balozi wa nyumba kumi alimwambia azing'oe apande chakula. Akazihamishia nyuma ya migomba. Zikapona.

Kumbe zilikuwa zinamsubiri baba mdogo!

Mzee wa watu amelima kahawa maisha yake yote. Ameona matawi yamezeeka, akayakata yachipue upya, kama afanyavyo kwa kahawa. Hakujua kwamba haidrenjia hizi huchanua kwenye tawi la mwaka jana.

Nikavuta pumzi nianze kufoka.

Nageuka, huyu hapa mlangoni, kashika jani la sale.

Wachagga wenzangu mmeshaelewa. Wengine, jueni tu kwamba ukiletewa sale, unasamehe. Hakuna kukataa.

"Shikamoo, baba," ikanitoka yenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako mdogo amenieleza nilichoharibu. Nimekosa."

Nikapokea, tena kwa mikono miwili. Hasira yote ikabaki kooni.

Jamani, ukishapokea sale, kununa kidogo kunaruhusiwa?

Nijibuni haraka. Yuko sebuleni anasubiri chai, na mezani mbele yake iko chupa niliyoyaandalia maua ya mama.

Nimeweka jani lake humo.